Kanzu Iliyodariziwa Nusu Shingo

Ningeweza kuusingizia umeme, lakini kosa ni langu peke yangu.

Mama mmoja wa Kicukiro, aliyenilisha niliporudi kutoka Tanzania sina hata sufuria, alikuwa na mashine ya kudarizi inayopokea michoro kutoka kwenye kompyuta. Kompyuta hiyo niliiwekea mfumo wa Linux mimi, fundi wa kujidai. Huko kila kifaa kina mwenyewe na kundi lake. Asiyeandikwa humo hakigusi. Dawa ilikuwa kumwandika Mama kwenye kundi la kifaa, mara moja, basi. Mimi nikawa kila akiniita nachapa chmod, amri ya kumfungulia ruhusa, mashine inakubali, nakunywa chai, naondoka. Ruhusa ya namna hiyo inafutika kompyuta ikizimika. Nilijua! Ila nilipenda kuitwa. Hata nenosiri la msimamizi nilikaa nalo mwenyewe, eti asije akaharibu.

"Usiizime tu, Mama," nilimwambia. Akawa haizimi.

Ikafika Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa kila mwisho wa mwezi, na kitinda mimba wake anaoa alasiri. Kanzu ya bwana harusi alitaka aidarizi mwenyewe, akaiacha ya mwisho ili amalize kwanza za watu. Asubuhi ile, shingo ikiwa imefika nusu, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ikawaka upya na mashine ikakataa. Mimi nilikuwa kwetu Kinyinya na jembe, nazibua mtaro na majirani, simu nimeiacha nyumbani isiingie udongo. Niliporudi alasiri nikakuta amepiga mara kumi na moja.

Nikampigia mbio mbio.

"Mashine ilikuwa inakataa, mwanangu. Sasa tuko kwa harusi."

Hakunigombeza. Afadhali angenitukana. Kijana wake alioa na kanzu ya dukani.

Jumatatu nilikwenda, nikamwandika kwenye kundi, nikampa na nenosiri. Alikuwa amebandika chai jikoni, haijachemka, nimemaliza. Mpumbavu mimi! Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, lakini harusi ya mwana nitaijenga upya na nini? Ile kanzu bado imekunjwa juu ya kabati lake, uzi unaning'inia.

Nimemwambia mara ngapi sijui kwamba hanihitaji tena, mashine ni yake, awashe tu. Anaitikia, "Sawa, mwanangu." Na kila asubuhi, kabla hajagusa kitu, simu yangu inalia.

"Mwanangu, naruhusiwa leo?"