Jioni ya Mwalimu wa Mpira

Juzi nilikuwa kwa binti yangu hapa Mlandege, tunamsubiri mjukuu wangu arudi kutoka kwenye mpira wa kuchezwa kwa taa. Mtoto wa darasa la sita, mechi usiku! Binti yangu akapakua, akasema, "Mama, tule tu, yake nimemwekea." Nikala, lakini nilikumbuka ya kwetu miaka ya hamsini, na hasira zikanipanda upya.

Kwetu chakula hakikufunuliwa kama kuna mtu hajarudi. Ndivyo bibi mzaa baba alivyotaka. Ugali ulifunikwa kwa ungo, mboga ya maboga ikawekwa karibu na mafiga, nasi tukauzunguka moto matumbo yakinguruma, tunamngoja kaka. Kaka alikuwa mshambuliaji wa timu ya shule. Timu ilicheza na vibarua wa mashamba ya tumbaku, na vibarua hawakuachiwa mpaka jua limeegemea mlima. Kwa hiyo mpira ulianza wakati wenzao wanafunga mbuzi.

Mwalimu wa mpira alikuwa mtu wa pwani. Kila mara alituma neno lile lile: vijana watarudi jioni. Sasa niambie wewe, jioni ni nini? Kwetu jioni ni kuku wakiingia bandani. Wakishaingia ni usiku, hakuna mjadala. Jioni ya mwalimu haikuwa na mwisho. Kaka alikuwa akirudi moto umebaki majivu, na bado kwa mwalimu ilikuwa jioni.

Aliyeumia ni mimi. Kuchochea moto, mimi. Maji ya moto ya miguu ya kaka, mimi. Vyombo gizani, mimi. Na mwaka ule nilikuwa darasa la nne, mwaka wa mtihani wa kuingia shule ya kati. Wasichana tulikuwa wachache, lakini katika hesabu niliwapita hata wavulana. Adui yangu alikuwa usingizi.

Mama aliliona hilo. Siku moja alinishika mkono, tukaenda shuleni.

"Kamwene, mwalimu," alimwamkia kwa Kihehe, kisha akaingia Kiswahili chake. "Kuku zangu zimelala zamani, mtoto hajarudi. Hiyo jioni yako inaishaga saa ngapi?"

Mwalimu akacheka. "Mama yangu, mpira ni heshima ya shule."

"Na huyu?" Mama akanisukuma mbele. "Huyu si wa shule?"

Mwalimu aliahidi kuwawahisha vijana. Mechi iliyofuata ikapangwa Ilula, mkesha wa mtihani wangu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na lori lililowabeba likanasa kwenye matope. Mama alitaka nile nikalale. Bibi akakataa. Baba, ambaye mabao ya kaka yalimlewesha kuliko ulanzi, akasema, "Mngojeni mwenzenu." Kaka aliingia jogoo ameshawika, anaimba, kafunga bao la ushindi. Nikapasha chakula, nikaosha vyombo, nikaenda kwenye mtihani.

Karatasi ya hesabu niliilalia. Msimamizi aliponigusa bega, muda ulikuwa umekwisha, na nusu ya maswali nilikuwa hata sijayasoma. Shule ya kati ikawachukua wengine. Mwaka uliofuata nilikuwa shambani na jembe.

Bibi, baba na mama wote wametangulia. Siku hizi kila mtu anapakua kwa wakati wake, na wazee wenzangu husikitika kwamba familia hazingojani tena mezani. Ulikuwa utaratibu mzuri, kwa aliyengojwa. Kaka yangu ni mzee sasa, na kila tukikutana anasimulia bao la Ilula, nyumba nzima inampigia makofi. Miaka yote hii hajatokea hata mmoja akaniuliza kesho yake asubuhi mimi nilikuwa na nini.