Mnaipeleka Wapi Nyumba Yetu

Nicheke ukitaka. Wameshanicheka watu wenye elimu kuliko mimi. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na shemeji yangu Hoza aliyekuwa nami yu hai mpaka leo.

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Lushoto mjini. Msimu wa mvua uliopita aliniita Bi Eliza, mjane wa mwalimu mmoja, anayeishi kijiji cha juu kabisa, pale milima inapokatika ghafla na Mazinde unaiona chini kabisa. Alisema ana picha ambayo fremu yake imeliwa na dumuzi. Nikaenda na Hoza, kaka wa mke wangu, anisaidie kubeba.

Ilikuwa picha kubwa ya rangi za mafuta, ya enzi za Wajerumani, ya nyumba ya misheni iliyokuwa hapo kijijini. Kuta za mawe, paa la vigae vyekundu, baraza ndefu, na mbele yake bustani yenye ngazi. Nyumba yenyewe haipo. Kabla sijazaliwa mvua ilileta maporomoko, ardhi ikakatika, nyumba na bustani vikaenda bondeni.

Mchoraji wake alikuwa na namna yake. Ukisogea karibu huoni nyumba, unaona mabaka tu ya rangi nene, jekundu hapa, zambarau pale. Ukirudi nyuma kidogo, mabaka yanajikusanya, nyumba inatokea, hata jua unaliona juu ya vigae.

Nilitaka kupima fremu pale pale na kurudi na mbao. Bi Eliza akakataa, akasema niichukue picha yote, tena leo. Nikaona ni haraka za uzee. Tukaifunga kwa shuka, Hoza akajitwika kichwani, na kwa kuwa gari lilikuwa limeachwa barabarani kwa sababu ya tope, tukashika njia ya mkato ya pembezoni mwa mlima.

Ukungu wa kwetu unaujua? Unakuja kama mtu amefungua mlango. Alasiri ilikuwa bado, lakini ghafla sikuiona hata migomba ya kando ya njia. Hapo ndipo nilipomwona mzee amesimama mbele yetu, amevaa nguo ndefu nyeupe, miguu mitupu.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Wewe umeshawahi kumwamkia mzee wa Kishambaa asikuitikie? Nikarudia, nikidhani hasikii. Akamtazama Hoza na ule mzigo, akauliza taratibu tu, bila hasira:

"Mnaipeleka wapi nyumba yetu?"

Picha ilikuwa imefungwa, alijuaje? Nilitaka kumwambia Hoza turudi, lakini mzee alikuwa amegeuka, anatangulia, na Hoza anamfuata kama mtu aliyeitwa na baba yake. Nilimwita, hakugeuka. Ningefanya nini? Nikafuata.

Mara ukungu ukapungua mbele yetu, na niamini, nyumba ile ilikuwa imesimama. Vigae vyekundu, baraza, ngazi za bustani, na jua likiipiga wakati sisi tulikuwa tunatetemeka kwa baridi. Hapakuwa na sauti yoyote, hata ya ndege. Mzee akasimama ngazini, akamnyooshea Hoza mkono.

Tulipozidi kusogea, kuta zikaanza kuachana. Mawe yakawa mabaka. Mawaridi ya bustani yakawa madoa mekundu yanayoelea. Nikamtazama mzee usoni, natamani nisingemtazama. Hakuwa na macho wala mdomo. Palikuwa na rangi tu, iliyopakwa juu ya rangi.

Hoza alikuwa amenyanyua mguu apande ngazi. Nilishika sweta lake kwa mikono miwili, nikavuta huku nasoma Ayatul Kursi kwa sauti, tukaanguka wote chali kwenye tope. Picha ikamtoka kichwani. Sikusikia ikitua. Ukungu ulipofunguka, pale alipotaka kukanyaga palikuwa hewa tupu, na chini, mbali sana, malori madogo kama wadudu yakipita barabara ya Mazinde.

Tulirudi kwa Bi Eliza tukiwa tumeshikana mikono kama watoto. Nilianza kumwomba radhi kwa picha. Yeye akauliza tulikutana na nani. Nilipomweleza, akakaa chini. Akasema marehemu mumewe aliitoa picha nje siku moja ya ukungu aifute vumbi, akarudi ndani akicheka kwamba kuna mzee anamuuliza anaipeleka wapi nyumba yao. Akatoka tena kwenda kumjibu. Walimwokota bondeni.

"Bibi, kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza.

"Ningewaambia, mwanangu, mngeichukua?"

Nikamshika Hoza mkono, tukaondoka. Sijarudi tena kwake.

Mimi nilipona. Hoza hakupona. Tangu siku ile, mtu akimsogelea, uso wa mtu huyo unamvurugikia, anaona madoa. Hospitali walimpima, wakasema macho ni mazima. Mkewe alijifungua mwaka huu, na Hoza akitaka kuuona uso wa mwanawe, mkewe humbeba mtoto mpaka upande wa pili wa chumba na kusimama naye mlangoni. Akimpakata mwenyewe, hufumba macho.

Na kinachoninyima usingizi ni hiki. Nasikia kuna mtu wa huko chini aliokota picha nzuri ya nyumba ya kizamani, imepasuka fremu tu. Nimeteremka kuitafuta, nikaambiwa imeshauzwa kwa msafiri. Haijulikani iko wapi. Kwa hiyo nakusihi, ukiiona popote, ipite. Na kama tayari iko ukutani kwako, iache hapo hapo. Usiitoe nje siku ya ukungu, na usimjibu atakayekuuliza unaipeleka wapi.