Mama Alipofungua Giaboksi

Oili ya giaboksi ina harufu yake, ndugu zangu, kali kama yai viza lililosahaulika juani. Nimeinusa Tunduma, nimeinusa Kahama, na juzi nimeinusa Makambako nikisubiri lori. Kila mara miguu yangu hurudi Nkuhungu, mtaa nilikokulia, kabla kichwa hakijafika.

Nkuhungu tulifika kwa kigari kidogo cheupe, tukitokea Mpanda, safari ndefu ya vumbi lililoingia mpaka ndani ya maandazi. Baba aliendesha huku akiimba. Mama alipakata kuku. Baba alikuwa Mgogo wa Chamwino anayerudi kwao. Mama alizaliwa Mpanda, kwa hiyo yeye alikuwa anakwenda ugenini. Baba alitushusha, akatuachia gari, akamwagiza mdogo wake atutazame, kisha akarudi Mpanda kazini.

Baba Mdogo alikuwa seremala, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mwaka mzima gari aliliendesha yeye, akibebea mbao na magunia. Mama akajifunza kuendesha, akalichukua apelekee zabibu zake sokoni. Haikupita miezi mingi, giaboksi ikaanza kulia kama fisi.

"Shemeji, umeua gia," Baba Mdogo alitangaza mbele ya majirani. "Gari si sufuria. Lete funguo."

Mama alikataa. Zabibu zilikuwa zimeiva, na zabibu hazimsubiri mtu. Basi Bibi, mama yake Baba, akaitwa kutoka Chamwino aamue funguo zikae kwa nani. Alipofika tulimwamkia, akapewa maji, na Baba Mdogo akaanza kujieleza sebuleni. Mama hakuketi. Alivaa suruali kuukuu ya Baba, akalizungusha gari mtaani kidogo ili oili ipate moto na kulainika, akalipandisha kwa jeki na kuliegemeza juu ya magogo.

"Mama, naomba usogeze kigoda huku nje," alimwambia Bibi, sauti yake ikitoka uvunguni mwa gari. "Kesi iko huku."

Alikuwa amemshikia Baba spana mara nyingi, na macho yake hayakuwa ya kupamba uso. Akaanza kulegeza nati ya juu, ile ya tundu la kujazia. Baba Mdogo alicheka mpaka akashika kiuno.

"Jamani njooni muone! Anataka kumwaga oili, anafungua juu!"

"Nikishamwaga chini halafu huku juu kukagoma, nitajazia wapi, shemeji? Mdomoni mwako? Maana huo ndio haufungiki."

Majirani waliangua kicheko. Nati ya juu ikakubali. Ndipo akafungua ya chini, nami nikasukuma beseni.

Oili haikumwagika. Ilining'inia. Ilishuka polepole kwa nyuzi ndefu nyeusi, zikikatika na kuungana tena, mlenda mtupu. Bibi, aliyepika mlenda maisha yake yote, aliinama akatazama.

"Haya ndiyo mafuta?"

Mama akachota kidogo, akaiosha kwa mafuta ya taa ndani ya chujio letu la chai. Ukabaki unga wa mbao, mwekundu. Ukitaka giaboksi iliyoharibika inyamaze, utaijaza takataka hiyo. Itatulia kwa muda, huku meno ya gia yakiendelea kulika. Bibi aliusugua unga kati ya vidole, akaunusa.

"Mninga," alisema. "Huu si ndugu wa kitanda changu?"

Kitanda chake alikichonga Baba Mdogo, ambaye sasa alikuwa anajikuna kichwa. "Ilikuwa dawa tu, mama. Gari lilikuwa linapiga kelele."

"Tangu lini?"

Baba Mdogo akautazama usukani alioushika mwaka mzima kabla ya Mama.

"Mama Lazaro," Bibi akamwambia mama yangu, "funguo kaa nazo."

Mama alifunga tundu la chini, akajaza oili mpya kwa mpira mwembamba mpaka ikachuruzika kwenye tundu la juu, akafunga na hilo. Jioni tukatoka na gari. Likalia vilevile, pengine zaidi, na watu wakageuza shingo. Nilitamani ardhi inimeze, maana nilidhani mshindi hurudishiwa utulivu.

"Mama, bado inalia."

"Iache ilie. Ina sababu."

Hakuna aliyemwomba radhi, siku ile wala baadaye. Kwa miaka mingi niliona ushindi wake ulikuwa nusu. Sasa nimempita umri aliokuwa nao, nimelala katika miji mingi, na nimekaribishwa katika nyumba nyingi tulivu ambazo mtu mmoja ndani yake amebebeshwa makosa ya wote ili utulivu udumu. Amani ya pale kwetu ilikuwa ya unga wa mbao. Mama aliimwaga mchana kweupe, akijua fika kwamba baada ya hapo tutaishi na kelele.

Nilipomaliza kidato cha nne nilitaka kuondoka. Ukoo ukaamua nibaki karakana kwa Baba Mdogo. Asubuhi Mama akapakia begi langu, akawasha gari. Sijaishi tena Nkuhungu tangu siku hiyo. Baba Mdogo alikuja mbio, akasimama mbele yetu, viganja juu ya boneti.

"Shemeji, huyu mtoto ni wa ukoo!"

Mama akatoa kichwa dirishani.

"Najua. Na ukoo umesimama mbele ya gari langu. Sogea."