Tulivyomla kuku wa mjane

Mpaka leo, nikiona kundi la wakristo njiani wakienda kumfariji mtu mmoja, wimbo mdomoni na Biblia kwapani, nakereka. Nakereka kwa sababu mimi ndiye niliyewahi kutangulia kundi kama hilo.

Ilikuwa miaka ile bunduki zilipokuwa zimenyamaza hapa Bunia, lakini hakuna aliyefungua mizigo yake yote. Mjane mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Djugu alipanga chumba mtaani kwetu, Lumumba. Alisali nasi Jumapili tatu, kwenye benchi la mwisho, kisha hakuonekana tena. Kwa kuwa nilikuwa na diplomi ya sekondari, kanisa lilikuwa limenipa kamati ya ziara pamoja na daftari la rapoti. Niliandika: mama mpweke, atembelewe. Tukaenda watu kumi na wawili.

Kumi na wawili! Katika chumba chenye kiti kimoja. Kiti nilikikalia mimi. Tuliimba, tukaomba kwa zamu, na hakuna aliyekubali ombi lake liwe fupi kuliko la mwenzake. Kwetu, wageni wa Mungu hawaachwi waondoke bila kula, hata kama mwenyeji hana kitu. Katikati ya maombi yule mama alitoka nje. Tulisikia kuku akilia, kisha kimya. Mama mmoja wa kamati akatabasamu, macho yamefungwa. Najua, maana yangu yalikuwa wazi.

Yule mjane aliwapakulia wote bugali na kipande kidogo cha nyama. Firigisi, sehemu ya mzee, akaniwekea mimi. Nikaila, tena nikasifu ilivyokuwa laini. Nyumbani nikaandika: ziara nzuri, mama amefarijika.

Majuma mawili baadaye tulirudi. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini moshi ulitoka dirishani.

"Hodi! Mama, tunajua uko ndani!"

"Niko," akajibu. "Lakini kuku imekwisha. Muende kwenu."

Wenzangu walicheka kwa aibu. Mimi nilipandwa na hasira, nikausemesha ule mlango kama mwalimu aliyekasirikia darasa. "Siye tunakuja na upendo, weye unatuletea mambo ya kuku?"  Nikaandika pale pale, mbele ya wote: amekataa ushirika. Juma zima nilimsema kila nilipoketi, eti hana shukrani.

Mke wangu ndiye aliyechoka kunisikia.

"Papa, uliuliza ile kuku ilitoka wapi?"

Yeye alikuwa amekutana na yule mama kisimani, wakaongea. Kuku yule alitoka naye nyumbani, amefungwa ndani ya kitenge, siku zote za kutembea porini. Katika vyote alivyokuwa navyo kule, ni huyo tu aliyefika naye mjini. Alilala chini ya kitanda, na asubuhi mama alimsemesha kwa lugha ya kwao.

"Mulikula mwenzake," mke wangu akasema, akaendelea kutwanga majani ya sombe.

Kesho yake nilikwenda peke yangu. Niliomba msamaha. Akaniletea maji ya kunywa, akaketi, na polepole akaanza kunieleza safari ile, walivyotembea, nani alibaki nyuma. Na mimi, mpumbavu, sikumwacha amalize. "Mama, hata Ayubu..." nikamkatiza, nikamsimulia habari za Ayubu tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza kwa adabu.

"Muzee, weye unajua kusema," akaniambia, akachukua kikombe changu akaenda kukiosha.

Njiani nilijiapia kwamba nikirudi nitafunga mdomo, nisikilize tu. Lakini nilikawia. Kulikuwa na mikutano ya kamati, na ajenda, bila shaka, ilikuwa ziara. Nilipofika hatimaye, mwanamke nisiyemjua alikuwa akisugua sakafu ya kile chumba. Aliniambia kwamba yule mama alikwisha kuhama, amefuata wanawake wanaokwenda kulima upande wa Marabo. Kijiji gani, hakujua. Salamu hakuacha.

"Weye ni ndugu yake?" akaniuliza.

Zile Jumapili tatu tulimwita dada, sote, kwa sauti kubwa.

"Hapana," nikajibu. "Niko mutu wa kanisa tu."

"Aa," akasema, akakamua kitambaa, akaniomba nisogeze miguu.