Picha ya Sabuni Dukani kwa Himid

Bi Mwanapili alirudi tena dukani kwa Himid, na haja hana. Chumvi ipo nyumbani, kibiriti kipo. Akasimama mbele ya meza kama mtu aliyesahau alichotumwa, macho yakampanda ukutani, kwenye picha ya sabuni, ya mwanamke anayeoga.

"Leo nini tena, Bi Mwanapili?"

"Pilipili manga."

"Asubuhi ulichukua."

"Basi nipe mdalasini. Umekuwa karani wangu?"

Pale kijijini Msuka yeye ndiye aliyekuwa somo, kungwi wa mabibi harusi. Msichana hakuolewa bila ya kupita mikononi mwake. Alitwanga karafuu, waridi kavu, asumini na liwa, akapata singo, akamsugua mwari mpaka ngozi ikalainika na nyumba nzima ikanukia. Shangazi na mama wadogo hujaa uani, wakimtania mwari na kumkagua kama mkungu wa ndizi. Lakini tangu Himid atundike picha ile, nyumba mbili zilikuwa zimemwambia kwa adabu kuwa mwari atajiogea mwenyewe, sabuni imeshanunuliwa.

Sasa zamu ilikuwa ya Mwatum, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea mwenyewe. Kesho ndiyo siku ya kuanza singo, na asubuhi ile, akitandika kitanda, Bi Mwanapili alikiona kiboksi cha sabuni chini ya mto. Mwari wa nyumbani kwake akimkataa, nani mwengine atamwita?

Ndiyo maana akawa haishi kuitazama picha. Alitaka kujua imewaambia nini wasichana.

Kwanza alidhani ni weupe wa yule mwanamke. Lakini Duni, msichana wa jirani, mweusi wa kumeremeta na mwenye kujivunia weusi wake, alikuwa wa kwanza kununua. Kisha akadhani ni mabega yake wazi. Himid aliyabandika kipande cha gazeti kwa ajili ya wanaopita kwenda msikitini, na tangu hapo wapitao wakazidi kupunguza mwendo. Mwaka ule watu walisusiana maduka kwa mambo ya vyama, lakini hata wa chama kile kingine walichungulia, eti wanatafuta mbuzi aliyepotea. Naam, cha kufichwa hutamanisha. Ila wanaume wale hawakununua kitu. Walionunua ni wasichana, na mabega wanayo.

Duni akaingia na mwenzake Mwatima. Bi Mwanapili akajibanza nyuma ya magunia ya mchele.

"Muone," alisema Duni, "yuko peke yake."

"Na mlango una komeo," alisema Mwatima.

Hawakucheka. Walitazama kidogo, wakalipa, wakatoka.

Bi Mwanapili akasogea. Komeo lilikuwapo kweli, dogo, nyuma ya mgongo wa yule mwanamke, na limefungwa. Siku zote aliangalia uso tu. Sabuni yenyewe ilichorwa pembeni, ndogo kuliko ua alilochomeka nyweleni. Mchoraji hakuishughulikia sana. Alichokiuza ni mlango uliofungwa, na ndani yake mwanamke asiyeguswa na mkono wa mtu.

Akatoka bila ya mdalasini. Njiani akawa anakwenda mbio, mara anapunguza, mara mbio tena. Alikumbuka siku za singo yake mwenyewe. Alikuwa amefumba macho mwanzo hadi mwisho.

Mwatum alikuwa uani anachagua mchele.

"Mwanangu, sabuni ile unaitaka?"

"N'nataka kujaribu tu, mama."

"Singo yangu ina nini?"

"Singo haina kitu." Mwatum akatupa kijiwe. "Siku ya singo ya Mwatima, Shangazi Mgeni alisema mapaja yake kama miiko. Hata wavuvi wa kisiwani Fundo wanajua."

"Maneno ya uani yale. Mimi nilikuwapo."

"Ulikuwapo, mama. Ukacheka."

Bi Mwanapili akakaa, akainuka, akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Kesho yake alitwanga singo kama kawaida. Bafu lilikuwa kitalu kilichozungushiwa makuti, mlangoni pametundikwa gunia. Akampa Mwatum bakuli la singo na maji, akaliteremsha gunia, akaweka kigoda nje, akakaa akilipa mgongo.

Shangazi Mgeni akaja na wenziwe. "Nani anamsugua mwari?"

"Anajisugua."

"Na weye somo umekaa nje kama paka wa jirani?"

"Nimekaa."

"Nipishe nimuone."

"Humuoni, Bi Mgeni."

"Haya, mwakani tutaliita gunia liwe somo," alisema Shangazi Mgeni, na uani kukalipuka kicheko. Bi Mwanapili hakuondoka kigodani. Lakini mikono yake haikujua pa kukaa. Aliikunja, akaikunjua, akafunga leso upya, akaifungua. Ndani maji yalimwagika, yakanyamaza, yakamwagika. Hakujua kama anaiokoa kazi yake au anaizika.

Mwatum akatoka, kanga imembana mpaka kwapani, harufu ya asumini imemtangulia. Nyuma ya sikio palibaki donge la singo. Mkono wa Bi Mwanapili ukainuka wenyewe, kisha ukasimama njiani.

Mwatum akauona. Akaviondoa vinywele vilivyolowa shingoni, akainamisha kichwa, akamwelekezea upande ule.