Upinde Nilioushika Mpaka Ukapoa

Jumamosi ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: samli inayoungua na mti uliokaushwa kwa moshi. Nilikuwa kijana wa Mugoma, kifua mbele, maneno mengi kuliko kazi. Nilimpenda Vero, binti wa Murukulazo, naye alinipenda, usiwasikilize wanaosema vinginevyo. Kikwazo kilikuwa baba yake. Kila aliyekuja kuposa alipewa sharti lilelile: aje na upinde aliouchonga mwenyewe, asimame uani, apige mgomba ulioko mwisho wa shamba. Wawili walishakwenda wakarudi vichwa chini. Siku yangu mimi ilikuwa kesho yake, Jumapili baada ya misa.

Nilikuwa na miti miwili tu ya kuchonga upinde. Marehemu babu aliiacha juu ya jiko la bibi, ikala moshi miaka mingi. Nilishaichonga yote, lakini kila mmoja ulikuwa umepinda ubavuni, na upinde wa namna hiyo mshale wake unakwenda unakotaka wenyewe. Dawa yake ni moto.

Bibi alinipa bakuli la samli. Akaniambia nipake palipopinda, niuweke juu ya makaa, usiguswe na mwali, niugeuze polepole. Nikamjibu, "Najua, bibi." Thubutu! Sikujua lolote. Niliuweka kwenye mwali ili ulainike haraka. Nje ukaungua, ndani ukabaki mgumu vilevile, nami nikaukandamiza kwenye goti kwa nguvu zangu zote. Paa! Vipande viwili. Nilitamani ardhi inimeze.

Mti wa pili nilitii. Makaa, samli, kugeuza. Ulipolainika nikaupachika kwenye panda ya mpera, nikavuta, ukanyooka. Ukanyooka kabisa! Nikauachia hapohapo, nikaanza kurukaruka uani nikimwita bibi aje aone mwanamume. Alipofika, mti ulikuwa umeshajirudia pale pale ulipokuwa.

Bibi hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Unauachia ungali moto," alisema. "Babu yako alikuwa anauvuta upite kidogo pale anapotaka, halafu anakaa nao. Anaushika mpaka akiuwekea shavu hasikii joto. Wewe unataka vigelegele, mti wenyewe haujapoa."

Nikaupasha tena. Safari hii niliuvuta ukapita kidogo, nikauegemea kwa mwili mzima. Mikono ilichoka, mgongo ukawaka. Jirani mmoja akapita na jembe begani, akasimama. "Wewe, nani kakufunga kwenye mpera?" Sikumjibu, na kwa mtu wa domo kama mimi hiyo ilikuwa adhabu tosha. Bibi alivuta kigoda akaketi karibu yangu, akawa anamenya ndizi za mchana. Beseni zima lilikwisha ndipo nikaweka shavu. Baridi. Nikaachia polepole, kidole kimoja kimoja, roho juu. Mti ukabaki. Nikafumba jicho moja nikautazama kutoka ncha hadi ncha, mnyoofu! Nililia, mwanangu, wala sioni haya kukwambia.

Jumapili nikasimama uani Murukulazo. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Baba yake Vero aliuchukua upinde, akapitisha kidole gumba pale moto ulipoacha weusi.

"Umeunyoosha mara ngapi huu?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Mara mbili, mzee. Na mwingine niliuvunja."

Akanirudishia upinde. "Haya, piga."

Nikapiga. Mshale ulizama kwenye mgomba mpaka nusu, maji yakachuruzika. Kabla mzee hajafungua kinywa, vigelegele vikatoka jikoni, na havikuwa vya mama mtu, vilikuwa vya Vero mwenyewe! Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu hata tukimkataa," akasema, "tumeshachelewa." Siku ile nilirudi Mugoma nikiimba njia nzima.

Upinde wenyewe ule pale ukutani. Na Vero ndiye huyo anayenifokea kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa.

Basi nisikilize, mwanangu. Siku utakayoacha pombe, siku utakayopatana na mkeo, siku utakayomkanya mtoto naye akasikia, usikimbilie kujisifu jioni ileile. Hapo bado kuna moto, na ukiachia, kila kitu kitarudi kilipokuwa. Kaa nalo jambo lako, wapita njia wakucheke wanavyotaka, mpaka uweke shavu usisikie joto. Na kama wa kwanza uliuvunja, sema niliuvunja, uchukue wa pili.

Mungu akupe mikono isiyochoka upesi, akupe na mtu wa kuketi karibu yako akimenya ndizi wakati unangoja. Na siku mshale wako utakapozama, vigelegele vitoke kwa yule yule unayemtaka.