Jua la Tlawi Haligawanywi

Niliondoka Bashay asubuhi nikiwa na kamera, kompyuta ndogo iliyochakaa na stendi ya miguu mitatu. Sikuwa na mpango. Lori la vitunguu saumu lilikuwa linawasha injini, dereva akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia anakokwenda yeye. Akacheka, akanionyesha nafasi juu ya magunia. Ndivyo nilivyofika Mbulu mjini, na kwa vile miguu ilikuwa bado na hamu, nikapanda kwa mguu hadi Tlawi.

Shule niliiacha kidato cha pili, lakini udadisi haukuniacha. Upigaji picha nilijifundisha kwenye simu, nikiangalia video zilezile mpaka bando linaisha. Jambo lililonivutia kuliko yote ni HDR. Unapiga picha tatu za mahali pamoja bila kusogeza kamera: moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga mwingi. Kompyuta inaziunganisha, na kila kitu kinaonekana, mawingu mpaka majani yaliyo kivulini. Nilikuwa nikiitumia kila mahali, kama mpishi aliyegundua pilipili.

Tlawi nilimkuta mzee amekaa nje ya nyumba yake, blanketi begani, fimbo mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo dude la miguu mitatu ni la kupimia barabara?"

Nilipomwambia ni la picha, akamwita mkewe. Magoti ya mzee yalikuwa yamekataa milima. Jumamosi binti yao, muuguzi huko Babati, angekuja kuwachukua wakaishi naye, na shamba lingebaki kwa mtoto wa kaka yake. Ilikuwa Jumatano. Mzee alitaka picha moja kubwa ya kutundika ukutani Babati: asubuhi ya kwake, kama alivyoiona tangu alipozaliwa.

"Siyo picha ya nyumba," alisema. "Ya asubuhi."

Walinipa mahali pa kulala, nami nikamwahidi kazi ya kumshangaza.

Alhamisi kulipopambazuka nilisimama kwenye kichwa cha bonde. Nyumba ya mzee iko mteremko wa kulia, unaotazama mashariki, na jua lilipochomoza lilianzia hapo. Mteremko wa kushoto, ng'ambo ya kijito, ulibaki mweusi kabisa chini ya kilima chake. Mwanga ulipishana mno na giza, na video zote nilizowahi kuangalia zilisema hapo ndipo mahali pa HDR. Nikapiga tatu, nikaziunganisha. Ilitoka picha ya kutisha kwa uzuri. Pande zote mbili zilionekana jani kwa jani, mpaka ng'ombe wa ng'ambo ungeweza kuwahesabu. Nilishuka mjini, nikaichapa kubwa, nikarudi alasiri nimeikumbatia.

Mzee aliishika kwa mikono miwili. Akaiangalia muda mrefu.

"Hii ni saa ngapi?"

"Saa moja na robo, mzee."

"Hapana. Saa moja na robo jirani hana jua." Akaweka kidole upande wa kushoto. "Umempa jirani jua langu."

Mkewe akaja kuchungulia, akapiga makofi kwa kicheko. "Akiiona atakuja kutushukuru na kuku! Miaka yote analilia jua, leo amepewa na mgeni!"

Nilidhani ni utani tu, mpaka mzee alipoeleza. Baba yake alichagua mteremko ule kwa sababu ya jua la mapema. Wa upande huu huanika mahindi mapema na kutoa ng'ombe umande ukiwa umekauka. Wa ng'ambo husubiri mpaka saa tatu. Kila asubuhi jirani husimama mlangoni kwake gizani na kupaza sauti, "Jua limefika huko?" Naye mzee hujibu, "Limeshakunywa chai!" Wamepigiana kelele hivyo tangu wakiwa vijana.

"Nitatundikaje hii Babati?" akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na hiyo iliniuma zaidi. "Hapa hakuna asubuhi, mwanangu. Kuna mwanga tu."

Ilibaki Ijumaa peke yake. Nilikaa na ile picha, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza swali ambalo video hazikuniuliza: hili giza lina kazi gani? Nilikuwa nimelichukulia kama kosa la kamera linalosubiri fundi. Kumbe ndilo lililoifanya nyumba ya mzee ing'ae.

Ijumaa nilirudi palepale, baridi inang'ata vidole. Jua lilipogusa bati lake nilipiga picha moja, nikipima mwanga wa upande wa kulia tu. Kushoto niliacha kweusi kama sufuria ya kuni, ila moshi mwembamba wa jiko la jirani ulipanda mpaka ukakutana na mwanga.

Niliporudi nyumbani mzee alikuwa amekaa ndani, mkabala na mlango. Alipokaa alimwona mkewe jikoni, kwenye kona ya giza, na kupitia mlangoni alimwona ng'ombe uani, juani. Nikasimama nyuma yake, nikajaribu picha moja: mlango ukawa mweupe mtupu. Nikajaribu nyingine: mkewe akapotea gizani. Lakini macho ya mzee yalikuwa yanawaona wote wawili. Hapo sikusita. Nikafunga kamera kwenye stendi, nikapiga tatu.

"Mama, naomba usitikisike."

"Na ugali nao usitikisike?"

Alitikisika. Kwenye kompyuta akatoka na mikono mitatu. Mzee akasema angekuwa nayo kweli, chakula kingekuwa kinaiva mapema. Mkewe akamtishia na mwiko, kisha akasimama wima kama askari. Nikapiga tena.

Nilikimbia mjini kuzichapa zote mbili. Jioni nikampa kwanza ile ya bonde. Hakuniuliza saa. Alitoka nayo hadi uani, akaegemea fimbo, akaiinua picha kuelekea ng'ambo na kumwita jirani kwa sauti ambayo magoti yake hayakuijua.

"Njoo uone giza lako!"

Jirani akavuka kijito, mzee kama yeye, akaitazama, akatikisa kichwa. "Na moshi wangu amenipigia," alisema, na wakakaa wote wawili, wameishika picha kila mmoja kwa pembe yake. Mimi niliingia ndani.

Jumamosi asubuhi nilisaidia kupakia vitu kwenye gari la binti. Picha mbili zilikaa kwenye mapaja ya mzee, zimefungwa kwa kanga ya mkewe. Alikataa ziwekwe nyuma na magodoro. Gari likaondoka, nami nikashuka kutafuta basi, lolote litakalokuja. Lililokuja lilikuwa la Katesh.

Nilifika jua likiwa linaelekea kuzama. Nikatembea hadi Jorodom, nikaona nyumba ya wageni yenye ua uliofagiwa. Mama mwenye nyumba akanisukumia daftari na kalamu: jina, unakotoka, unakokwenda, kazi.

Unakokwenda nikaacha wazi. Kwenye kazi nikaandika mpiga picha.

Akasoma akiwa amepindua kichwa. "Wa harusi au wa pasipoti?"

"Wa milima na mabonde, mama."

"Basi umefika," akasema, akanipa ufunguo.